Kigali Hadi Kwenye Theluji: Kupanga Likizo ya Skii Shule Zinapofungwa

Kila muhula unapomalizika nchini Rwanda, Uwanja wa Kigali Pelé kule Nyamirambo hugeuka kituo cha mabasi. Wanafunzi wa bweni humiminika na masanduku, magodoro na ndoo, huku NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, ikiwa imeshatangaza zamu zao: wa wilaya hizi wasafiri siku ya kwanza, wa wilaya zile siku ya pili, mpaka wote wafike makwao. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo siku ya kufunga shule anajua kwa nini zamu hizo ziliwekwa.

Ufaransa hufanya jambo lilo hilo kwa sababu ya theluji. Tangu miaka ya 1960 nchi hiyo imegawa shule zake katika kanda, na leo kanda hizo ni tatu: A, B na C. Likizo ya Februari ni wiki mbili kwa kila kanda, lakini kanda hupishana, hivyo msimu mzima huchukua kama mwezi mmoja. Bila mpango huo, familia zote zingekwea Alps kwa pamoja. Hata ukiwapo, Jumamosi za Februari magari huganda barabarani kati ya Albertville na Moûtiers, kwa kuwa nyumba nyingi za milimani hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi.

Mzazi wa Kigali anayetaka kuwapeleka wanawe kwenye theluji kwa kawaida hufikiria msongamano huo kwanza: Ulaya, Krismasi, bei za kutisha. Akiitazama vizuri kalenda ya shule za Rwanda ataona mlango mwingine. Likizo ndefu huanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na kuendelea hadi Septemba. Kusini mwa Afrika, hicho ndicho kipupwe chenyewe, na katika milima ya Lesotho kuna kituo cha skii kinachofanya kazi miezi hiyo hiyo. Kwa familia ya Kigali, basi, safari ya skii yenye hesabu nzuri ni ya Agosti, na ni ya kusini.

Likizo tatu, hesabu tatu

Muhula wa kwanza hufungwa kuelekea 20 Desemba, na wiki ya kwanza ya Januari watoto huwa wamesharudi darasani. Hizo ni wiki mbili ambazo dunia nzima nayo iko likizo. Familia isiyo na nafasi nyingine iondoke Kigali mara tu shule zinapofungwa na irudi kabla ya Mwaka Mpya, maana siku za kati ya 27 Desemba na 2 Januari ndizo zenye watu wengi na bei za juu kabisa milimani. Ichague pia kituo kilicho juu. Val Thorens nchini Ufaransa kiko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na theluji yake ni ya kutegemewa kuliko ya vijiji vya bondeni. Mwanzoni mwa Januari 2023 vituo vingi vya chini vya Alps vilikuwa na nyasi tupu, na waliokuwa wamelipia wiki nzima waliishia kutembea kwa miguu.

Likizo ya Aprili ina uzito wake. Mara nyingi hukutana na juma la maombolezo linaloanza 7 Aprili, wakati Rwanda inapokumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Burudani husimama, na familia nyingi hutaka kuwa pamoja na jamaa zao. Vituo vya juu vya Ulaya bado huwa na theluji, lakini kwa wengi wa Kigali huo si wakati wa kufunga mizigo ya starehe.

Inabaki likizo ndefu. Hiyo nayo ina mitego. Watoto wa darasa la sita la msingi, na wale wa mwaka wa tatu na wa sita wa sekondari, hufanya mitihani ya taifa mwezi Julai wakati wadogo zao wako nyumbani. Wazazi wengi huliona hilo kama kikwazo. Kwa safari ya Lesotho ni kinyume chake: Julai ndio mwezi wa msongamano huko, kwa kuwa shule za Afrika Kusini nazo hufungwa kwa likizo ya baridi. Mwaka 2025 zilifungwa 27 Juni na kufunguliwa 22 Julai. Familia inayomsubiri mtahiniwa wake amalize karatasi ya mwisho hujikuta, bila kukusudia, ikifika mlimani wakati watoto wa Johannesburg na Pretoria wamesharudi darasani.

Dirisha zuri, kwa hiyo, hufunguka wiki ya mwisho ya Julai na kudumu hadi katikati ya Agosti. Ndani yake kuna siku tatu za kuangalia. Tarehe 9 Agosti ni Siku ya Wanawake nchini Afrika Kusini, sikukuu ya kitaifa, na wikendi iliyo jirani nayo hujaa. Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno nchini Rwanda, na 15 Agosti ni sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Siku hizo mzazi mwajiriwa anaweza kuzitumia ili kupunguza likizo anayoomba kazini. Kubwa zaidi ni kupanga siku za skii ziangukie kati ya Jumatatu na Alhamisi. Wikendi, wageni kutoka jimbo la Gauteng hupanda kwa magari yao, na foleni ya lifti hurefuka mara mbili tatu.

Theluji ya Lesotho ilivyo

Kituo kinaitwa Afriski. Kiko katika njia ya mlima ya Mahlasela, wilaya ya Butha-Buthe, na sehemu yake ya juu hufikia mita 3,222. Mteremko mkuu una urefu wa kilomita moja hivi, na pembeni yake kuna eneo la wanaoanza. Msimu ni Juni hadi Agosti. Julai 2022, Ulaya ilipokuwa ikiungua kwa joto, picha za watu wakiteleza Lesotho zilizunguka dunia, na wengi ndipo walipojua kwa mara ya kwanza kwamba Afrika ina skii kusini mwa Sahara.

Watoto waambiwe ukweli kabla ya safari. Kinachowasubiri ni ukanda mweupe uliolala juu ya majani makavu ya rangi ya kahawia, tofauti na milima yote mieupe waliyoiona kwenye filamu. Theluji ya asili huanguka huko, wakati mwingine kwa wingi, lakini haina ahadi. Kituo hutegemea mashine zinazorusha maji angani usiku, hewa ikiwa kavu na baridi ya kutosha, na matone hayo huganda kabla ya kugusa ardhi. Ndiyo sababu siku za jua kali mchana bado zinaweza kuwa nzuri kwa skii, mradi usiku uliotangulia ulikuwa wa barafu. Ndiyo sababu pia safari ya siku za mwisho za Agosti ni kamari: joto likianza kupanda, ukanda huo huanza kuliwa pembeni.

Kwa anayeanza, kilomita moja inatosha kabisa. Mtoto aliyetoka Kimironko au Remera hajawahi kuvaa viatu vya skii; siku tatu za kwanza atazimaliza kwenye eneo la mafunzo. Kulipia mamia ya kilomita za miteremko ya Alps ili mtoto acheze kwenye mita mia moja ni kutupa fedha.

Pasipoti kabla ya hoteli

Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kigali hadi Maseru, na njia ya kawaida ni RwandAir hadi Johannesburg, safari ya karibu saa nne, kisha gari. Hapo ndipo mipango mingi hukwama, kwa sababu mwenye pasipoti ya kawaida ya Rwanda anahitaji visa ya Afrika Kusini. Mwaka 2014 nchi hizo mbili zilifukuziana wanadiplomasia, na kwa miaka mingi baada ya hapo visa ilikuwa adimu kwa Wanyarwanda. Ombi lipelekwe mapema, na liombwe la kuingia zaidi ya mara moja. Familia inayoingia Johannesburg, ikavuka kwenda Lesotho na kurudi kupanda ndege, huingia Afrika Kusini mara mbili. Visa ya kuingia mara moja inaweza kuiacha familia upande usiofaa wa mpaka. Masharti ya Lesotho yenyewe nayo yaulizwe kabla ya kulipa chochote.

Kigali ni mji wa watu wa mataifa mengi, na mambo hutofautiana kwa pasipoti. Watanzania huingia Afrika Kusini bila visa kwa ziara fupi, na Wakenya wamepata nafasi hiyo tangu Januari 2023, hadi siku 90 kwa mwaka. Waganda na Warundi huhitaji visa. Katika nyumba ambayo baba ni Mkenya na mama ni Mnyarwanda, kasi ya safari itawekwa na pasipoti iliyo dhaifu.

Watoto wana karatasi zao. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kiwe mkobani, na mzazi mmoja akisafiri peke yake na watoto abebe barua ya idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali. Shangazi anayemchukua mtoto wa kaka yake anahitaji barua hiyo zaidi ya mtu yeyote. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike, hasa kwa wanaounganisha ndege Nairobi, Entebbe au Addis Ababa.

Wanaoelekea Ulaya wana habari moja mpya ya kuzingatia. Rwanda ilikata uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji 17 Machi 2025. Mazoea ya zamani ya kuwategemea Wabelgiji mjini Kigali kwa visa ya Schengen, au kutegemea mwaliko wa mama mdogo aliyeko Brussels, hayawezi kuchukuliwa kuwa yangalipo. Mzazi aulize moja kwa moja ubalozi wa nchi anakokwenda. Maombi ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Kwa likizo ya Desemba, Julai ndio mwezi wa kuanza.

Barabara ya kupanda

Kutoka Johannesburg hadi kituoni ni mwendo wa kama saa tano kwa gari, kupitia Bethlehem na Fouriesburg hadi mpaka wa Caledonspoort. Mpaka huo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Ukishavuka unafika mji wa Butha-Buthe, kisha barabara inaanza kujikunja kuupanda mlima wa Moteng, inavuka kilele chake cha zaidi ya mita 2,800 na kuendelea hadi Mahlasela.

Dereva wa Kigali ana jambo la pekee la kukumbuka: Rwanda huendesha kulia, na Afrika Kusini pamoja na Lesotho huendesha kushoto. Kubadili mkono kwenye barabara pana ya jimbo la Free State si kazi kubwa. Kubadili mkono kwenye kona kali yenye barafu kivulini, lori la mgodi wa almasi wa Letšeng likishuka kutoka mbele, ni habari nyingine. Asiyezoea akodi gari pamoja na dereva, au apande gari la wageni linalopangwa na kituo au wakala. Anayeamua kuendesha mwenyewe achukue gari lenye nguvu kwenye magurudumu manne, abebe minyororo ya matairi theluji ikitabiriwa, awe na leseni ya kimataifa, na asipande mlima baada ya giza. Jua huzama mapema mwezi Julai, na maji yaliyoyeyuka mchana huwa kioo jioni.

Njia ya busara ni kuigawa safari. Familia itue Johannesburg, iende kulala Clarens, mji mdogo wa wageni karibu na Hifadhi ya Taifa ya Golden Gate, kisha ivuke mpaka asubuhi. Watoto watapumzika, na mwili utapata usiku mmoja wa kuzoea mwinuko. Kuna faraja ndogo pia: Kigali, Johannesburg na Maseru hufuata saa moja, kwa hiyo hakuna mtoto atakayeamka saa tisa usiku akidai chai.

Kama siku ya kuondoka ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, gari la kwenda uwanja wa ndege wa Kanombe lipangwe siku moja kabla. Siku hiyo ya Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, barabara za Kigali hutulia kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na teksi huwa za kutafuta.

Mwili unavyopokea mwinuko na baridi

Kigali iko kwenye mita 1,500 na kitu, hivyo watoto wake wana nafuu kidogo kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam. Hata hivyo mita 3,000 ni mita 3,000. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za kawaida siku ya kwanza. Tiba ni kupumzika, maji ya kutosha na chakula chepesi. Mtoto anayetapika mfululizo, anayepepesuka au anayehema akiwa amekaa ashushwe bondeni siku hiyo hiyo, bila kungoja asubuhi.

Wapo ambao hawafai kupanda bila ruhusa ya daktari. Mtoto mwenye siko seli yuko hatarini mara mbili: hewa ya mlimani ina oksijeni kidogo, na baridi peke yake inaweza kuamsha maumivu makali. Daktari anayemhudumia aulizwe kabla tiketi haijakatwa, na jibu lake likiwa hapana, familia nzima ibadili mpango. Mtoto mwenye pumu naye abebe dawa yake ya kuvuta ndani ya koti, karibu na mwili, kwa sababu hewa kavu na baridi hubana kifua.

Jua la mlimani huchoma. Miale yake huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huirudisha hadi asilimia 80 kuelekea usoni. Ngozi nyeusi huvumilia zaidi, lakini midomo hupasuka na macho huungua bila kubagua. Miwani ya theluji, mafuta ya kujikinga na jua na mafuta ya midomo ni vitu vya lazima kwa kila mmoja, hata mama anayekaa kwenye benchi akipiga picha.

Baridi nayo ina kanuni zake. Usiku wa Kigali ukishuka hadi nyuzi 15 watu huvaa sweta. Usiku wa Mahlasela huenda chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi. Kinachosaidia ni tabaka tatu. Ya kwanza hugusa ngozi na iwe ya sufu au kitambaa cha michezo kinachokauka upesi. Ya pili ni ya kuhifadhi joto. Ya tatu huzuia upepo na maji. Pamba ikilowa jasho hubaki mvua na kumganda mtoto mwilini, na suruali ya jinzi ndiyo vazi baya kuliko yote.

Makoti na suruali za skii hukodishwa kituoni pamoja na viatu, na mtoto anayekua kila mwaka hana haja ya kununuliwa. Soksi ndefu, glavu zisizopitisha maji, kofia na nguo za ndani ndizo za kununua. Kuzipata Kigali si rahisi kama zamani. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na caguwa (mitumba) iliyokuwa imejaa makoti ya Ulaya ikapungua sokoni. Mwenye jamaa Nairobi amwombe apite Gikomba, ambako makoti ya baridi bado huanikwa kwa wingi. Anayekosa kote atapata mablanketi mazito ya Basotho akifika Butha-Buthe. Hayafai kuteleza nayo, lakini jioni hakuna kinachoyashinda.

Siku tatu za kwanza

Mazoezi yanaweza kuanza nyumbani, bila gharama. Skii hutumia mapaja na magoti kuliko mikono, na vilima vya Kigali vipo kwa kazi hiyo: Rebero, Mlima Kigali, ngazi za mtaani. Jumapili za Car Free Day, zilizoanza mwaka 2016, barabara kuu hufungwa asubuhi na watoto huteleza kwa viatu vya magurudumu bila kuogopa gari. Mtoto aliyezoea viatu hivyo huelewa haraka jinsi ya kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Kituoni, wazazi wasijaribu kuwa walimu. Somo la asubuhi na mwalimu wa skii liwe la lazima siku ya kwanza na ya pili. Mtoto atafundishwa kwanza kuanguka na kuinuka, kisha kuelekeza ncha za mbele za skii zikaribiane na kutanua nyuma, kama umbo la kabari. Hiyo ndiyo breki yake. Watoto wadogo waanze na skii kabla ya ubao mmoja wa kuteleza, kwa kuwa ubao hufunga miguu yote miwili na siku za kwanza huangusha watu juu ya viganja vyao.

Viatu viangaliwe kwa makini kuliko kitu kingine. Vipimo vyake ni vya sentimita za urefu wa mguu, tofauti na namba za viatu vya kawaida, hivyo miguu yote ipimwe nyumbani na namba ziandikwe. Kiatu kizuri hubana kisigino na kuacha vidole vicheze. Ndani yake huvaliwa soksi moja tu; mbili hukunjana, huzuia damu na kuleta baridi badala ya joto. Kofia ngumu ya kichwa haina mjadala, kwa mkubwa na mdogo.

Kisha wasimame mapema. Alasiri miguu inapolegea na theluji inapoanza kuganda upya ndipo watu huumia kwa kutamani mzunguko mmoja wa mwisho. Familia yenye mtoto wa miaka mitano na kijana wa kumi na sita igawane: mmoja wa wazazi abaki na mdogo kwenye kigari cha kuteleza, mwingine amfuate mkubwa, na baada ya chakula cha mchana wabadilishane.

Njia nyingine za kuiona theluji

Kwa wengine, Dubai itakuwa rahisi zaidi. Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, ilifunguliwa mwaka 2005. Ni ukumbi wa mita za mraba 22,500, wenye miteremko mitano, mrefu zaidi ukiwa wa mita 400, na joto lake huwekwa chini kidogo ya sifuri mwaka mzima. RwandAir huruka hadi Dubai moja kwa moja, na kiingilio kwa kawaida hujumuisha koti, suruali na viatu. Mwinuko haupo, barabara ya mlima haipo, na asiyependa anatoka na kwenda kula. Kwa familia ambayo haijui kama watoto wataupenda mchezo huu, mchana mmoja huko ni jaribio la bei nafuu, hasa ikiwa baba au mama anapita Dubai kwa biashara. Waende siku ya kazi, maana tangu Januari 2022 wikendi ya huko ni Jumamosi na Jumapili kama kwingineko.

Morocco ina Oukaïmeden, kwenye milima ya Atlas, chini ya kilomita 100 kutoka Marrakech. Msimu wake ni wa kaskazini, Desemba hadi Machi, na theluji yake hubadilika sana mwaka hadi mwaka. Inafaa kama nyongeza ya safari ya Marrakech, si kama sababu ya safari.

Barafu za karibu na nyumbani, kwenye Rwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro, ni za wapanda milima, na zinapungua. Kilimanjaro hairuhusu watoto wa chini ya miaka 10 kuelekea kileleni. Hakuna lifti wala skii za kukodi huko, na mtoto anayetaka kuchezea theluji hafai kutembezwa siku sita ili aiguse.

Fedha, bima na mpango wa pili

Kadi ya Mituweli, bima ya afya ya jamii ya Rwanda, haitamlipia mtu aliyevunjika mguu Lesotho. Bima ya safari inunuliwe, na mkataba wake usomwe hadi mwisho, kwa sababu bima nyingi za kawaida huitoa michezo ya theluji mpaka mteja alipie nyongeza. Swali la kuuliza ni moja: je, inagharimia kumshusha majeruhi kutoka mlimani na kumfikisha hospitali ya Afrika Kusini? Pesa ya simu ya MoMo, iliyozoeleka Kigali kwa kila kitu, haitasaidia mlimani. Kadi ya benki ifunguliwe matumizi ya nje kabla ya safari, na randi taslimu zibebwe kwa mafuta na chakula. Lesotho huzipokea sawa na maloti yake.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Januari na Februari, pasipoti za watoto zikaguliwe muda wake. Machi, tarehe za shule za Rwanda na za Afrika Kusini ziwekwe karatasi moja, na chumba kishikwe kwa masharti yanayoruhusu kughairi. Aprili, baada ya juma la maombolezo, maombi ya visa yapelekwe. Tiketi zisizorudishika zikatwe visa ikiwa mkononi.

Visa ikichelewa, likizo isife. Kinigi, chini ya volkano za kaskazini, ni mwendo wa saa mbili hadi tatu kutoka Kigali, na baridi yake ya usiku inatosha kuwasha moto na kuvaa sweta mbili. Karisimbi, mlima mrefu kuliko yote Rwanda wenye mita 4,507, hupakwa weupe kileleni baadhi ya asubuhi. Lakini miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo wageni wa sokwe hufurika, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuwafuata sokwe hao. Kwa wadogo, daraja la juu ya miti la Nyungwe, lenye urefu wa takriban mita 160, lina msisimko wa kutosha, ndani ya msitu ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Huko pia chumba kishikwe mapema, kwa masharti ya kughairi, siku ile ile cha Lesotho kinaposhikwa.

Tiketi ya kurudi isipite 25 Agosti. Wiki ya mwisho ya mwezi ni ya minerval (karo), sare, daftari na foleni za maduka ya vifaa vya shule, na fedha hizo zinafaa kutengwa kwenye akaunti nyingine kabla ya hoteli kulipwa hata faranga moja.